Kabla hujafuma zulia lako la kwanza la katani

Wengi wanaoingia kwenye kazi hii hapa Moshi na Arusha hukimbilia rangi na maua. Zulia haliharibikii huko. Linaharibikia kwenye mtande, yaani nyuzi za wima zinazofungwa kwenye fremu, na pembeni, kwa hiyo anza na dogo la sm 60 kwa 90, lisilo na rangi, ujifunze hayo mawili.

Fremu iwe ya mbao kavu za inchi 2 kwa 2, nafasi ya ndani sm 80 kwa 120. Mbao mbichi hupinda na mtande unalegea upande mmoja. Piga misumari 31 juu na 31 chini, sm 2 kati ya mmoja na mwingine, ukiipishanisha kidogo ubao usipasuke. Uzi ukizungushwa juu na chini, unapata nyuzi 61. Tumia pamba iliyosokotwa, kama mita 80. Usiweke manila, yaani uzi wa nailoni: inavutika, na siku ya kulishusha zulia inajirudi na kulikunja. Pitisha kiganja juu ya mtande wote. Uzi uliolegea utauhisi palepale. Ukiuacha, utakuzalia tumbo katikati ya zulia.

Katani nunua iliyosokotwa, unene wa mm 5 hivi, mita 130. Ile ya mafundi jipsamu ni nyuzi tupu, labda usokote mwenyewe. Inyunyizie maji kidogo ilainike, lakini usiiloweke usiku kucha. Katani iliyolowa hunenepa, na ikikauka inasinyaa, mistari uliyoibana inaachia nafasi. Masika itaota na ukungu juu yake.

Kufuma kwenyewe ni juu ya uzi mmoja, chini ya mmoja, na mstari unaofuata unageuza.

Kazi iko pembeni. Zulia huanza na sm 60 likaishia 52, tunasema limeingia kiuno. Sababu ni kwamba mshindio, yaani katani unayopitisha kwenye mtande, unapanda na kushuka, hivyo unahitaji urefu kuzidi upana wa zulia. Ukiuvuta ukanyooka, unautafuta urefu huo kwa kuzivuta nyuzi za pembeni ndani. Ulaze kama upinde, kilele chake sm 8 hivi juu ya mstari uliopita, kisha gonga kwa chanuo katikati kwanza, halafu kuelekea pembeni. Pima kwa tepu kila baada ya sm 5. Ukikuta imepungua sm 1, fumua hapohapo. Kulegeza mistari inayofuata ili kufidia ndiko kunakoleta pembe za mawimbi, na mnunuzi yeyote anayaona.

Katani ikiisha, usiungie pembeni. Punguza nusu ya nyuzi kwenye ncha zote mbili, zilaliane sm 7 ndani ya zulia, unene usibadilike.

Kushusha: usikate mtande wote kwa mkupuo, mistari ya mwisho itafumuka. Kata nyuzi mbili, funga fundo, endelea. Zile tatu za mwisho zifunge pamoja.

Mteja mwambie wazi: zulia hili halifuliwi. Maji huacha alama ya kahawia ambayo haitoki. Chai ikimwagika, akandamize kitambaa kikavu bila kusugua. Vumbi alikung'ute nje kila wiki, maana mchanga ukikaa chini ya nyayo unakata nyuzi. Na asilitandike baraza la wazi linalopigwa na mvua.