Gari la kulala linaegemea na kuyumba: mbao kwanza, stendi baadaye

Swali: Fundi, habari za kazi. Nilinunua matatu ya zamani ya abiria 14, nikaing'oa viti, nikaweka kitanda, jiko na friji ya gesi ili mimi na mke wangu tuwe tunatembea. Mwezi uliopita tulitoka Kisumu tukapiga kambi karibu na maporomoko ya Makalia, ndani ya Mbuga ya Nakuru. Gari liliegemea kushoto usiku kucha, likayumba kila mmoja wetu alipojigeuza, na friji iliyopoa vizuri njiani ikagoma. Rafiki amenishauri ninunue jeki nne za chupa niinue gari lote mpaka likae sawa. Nifanye hivyo?

Jibu: Hapana, ndugu yangu, na nakuomba sana usijaribu hata mara moja. Breki ya mkono ya magari mengi kama hilo lako inashika magurudumu ya nyuma peke yake. Ukishayainua yakaacha ardhi, hakuna kitu kinachoshikilia gari. Mke wako akishuka mlangoni, gari linasogea, jeki zinalala, na aliye karibu anaumia. Isitoshe, jeki ya chupa inashushwa na mafuta yakivuja kidogo kidogo. Utalala gari likiwa sawa na kuamka likiwa pembe.

Kuna kazi mbili hapa, na rafiki yako amezichanganya. Kusawazisha ni kuondoa mwegemeo, na hiyo inafanywa kwa kupandisha magurudumu juu ya mbao. Kutuliza ni kuondoa kuyumba, na hapo ndipo stendi zinaingia, yaani miguu ya chuma inayoshushwa kutoka chini ya gari mpaka iguse ardhi. Uzito wa gari unabaki kwenye matairi wakati wote.

Nianze na friji, maana ndiyo itakayokugharimu. Friji ya gesi haina kompresa. Ndani yake kuna maji na amonia: moto unachemsha, amonia inapanda, inapoa, kisha inarudi chini kwa uzito wake kupitia mabomba membamba. Gari likiegemea, kimiminika kinatuama mahali pasipofaa, na moto unaendelea kuchoma sehemu iliyokauka. Njiani ilipoa kwa sababu mtikisiko wa barabara ulikuwa ukikichezesha. Kusimama kwa pembe saa nyingi ndiko kunakoiua. Nyingi za aina hiyo zinavumilia nyuzi 3 hivi upande kwa upande na 6 mbele kwa nyuma, lakini soma kibandiko cha yako. Kwa matairi yaliyoachana mita 1.5, nyuzi 3 ni tofauti ya sentimita 8 tu, ambayo kwenye nyasi jicho halioni.

Safari hii friji ikigoma, izime, sawazisha gari, kisha uiwashe upya na uipe saa kadhaa. Nakuru nayo iko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, wakati Kisumu iko karibu 1,130, na moto wa gesi unaweza kudhoofu kidogo huku juu, ila mwegemeo ushughulikie kwanza. Ukisikia harufu kali ya amonia au ukaona unga wa manjano nyuma ya friji, funga gesi, fungua madirisha na uiache hivyo. Hiyo imetoboka, na hapana fundi wa mtaani wa kuiziba.

Sasa mbao. Nenda kwa wauza mbao uchukue ngumu, unene wa inchi 2, upana wa inchi 10 au zaidi ili tairi lote likae juu yake. Ubao mwembamba kuliko tairi unaubana mpira ukingoni na kuuharibu. Kata vipande vitatu kwa kila gurudumu unalokusudia kuinua: sentimita 90, 65 na 40. Ukivipanga kama ngazi, tairi linapanda taratibu, na kila ngazi inakupa sentimita 5.

Kipimo ni pimamaji ya waashi, ya sentimita 60. Iweke sakafuni ikielekea upande kwa upande, uinue ncha iliyo chini mpaka kiputo kikae katikati, kisha pima nafasi iliyobaki chini ya ncha. Ukipata sentimita 2, zidisha kwa 2.5, maana matairi yameachana mita 1.5 na pimamaji ni mita 0.6. Jibu ni sentimita 5, yaani ubao mmoja chini ya magurudumu yote mawili ya kushoto. Maliza upande kwanza, ndipo urudie mbele kwa nyuma ukitumia umbali wa ekseli hadi ekseli. Mke wako asimame pembeni akikuelekeza, si mbele wala nyuma ya gari. Ukishapanda, vuta breki ya mkono, ingiza gia, weka kabari kwenye gurudumu pande zote mbili.

Kisha ndipo ushushe stendi za kuzungusha. Ukiwa na mbili tu, ziweke nyuma, kwa sababu sehemu inayoning'inia baada ya ekseli ndiyo inayocheza zaidi, na nadhani kitanda chako kiko huko. Ziegemeze kwenye reli za chini ya gari, kamwe si kwenye bati la sakafu. Zungusha mpaka iguse, ongeza nusu mzunguko, basi. Tairi likionekana limejaa kuliko kabla, umezidisha, legeza.

Chini ya kila stendi weka kipande cha ubao cha sentimita 30 kwa 30. Mguu wa stendi ni kama sentimita 10 kwa 10, kwa hiyo unausambaza mzigo ule ule kwenye eneo mara tisa. Nililijifunza hili Dunga, ufukweni mwa ziwa kule Kisumu. Gari lilisimama vizuri jioni, mvua ikatoka ziwani usiku, na asubuhi stendi moja ya nyuma ilikuwa imezama kama kidole kwenye ugali wa moto. Ukienda uwanda wa Kano uongeze uangalifu: ule udongo mweusi ukilowa unavimba na kuteleza, ukikauka unapasuka, kwa hiyo hata mbao za matairi zinahama. Pale mimi hutafuta murram, hata kama mandhari ni duni. Kakamega nako mvua ya alasiri ni ya kawaida, basi pima tena ikishapita na ukaze stendi iliyolegea.

Asubuhi ya kuondoka anza na stendi: pandisha zote, uinamie kila moja uione kwa macho. Kabari za upande unaoelekea zitoke mwisho, ukiwa tayari umekaa kwenye usukani na mguu kwenye breki, mtu mwingine akizivuta kwa kamba kutoka pembeni.