Usisimame kwenye spika bila vizibo masikioni, nakuomba

Mkuu, hapana. Hapana kabisa. Umesema Jumamosi mnaenda kuangalia bendi tatu laivu kwenye kiukumbi kidogo, ndo mara yako ya kwanza, unauliza mfike saa ngapi, mvae nini, msimame wapi, halafu unamalizia kwamba rafiki yako kakwambia "simama pale pale kwenye spika ndo utasikia utamu wenyewe". Mimi niliambiwa maneno hayo hayo na mtu niliyemwamini, na bado nayalipia.

Ukumbi wenyewe ulikuwa mdogo, dari ukinyoosha mkono unaligusa, spika mbili zimepandishwa kwenye stendi pembeni ya jukwaa, mdomo wa spika unatazamana na sikio langu la kushoto. Jamaa akasema huku nyuma ni kwa waliochoka, twende mbele. Bendi ya kwanza nikavumilia. Ya pili, kila mpiga ngoma akigonga yale matoazi nafumba macho kabisa, nikamwonyesha jamaa sikio langu, akacheka, akanipiga bega, "utazoea". Mkuu huzoei! Unachoona ni kuzoea ni sikio limeanza kufa ganzi, na kilichoniuma zaidi ni kwamba wakati wa kubadilisha bendi nilipita karibu na fundi mitambo nikamwona ana vizibo vyake masikioni, vya rangi ya machungwa, yaani anayetufungulia sauti kajikinga yeye, sisi hatujaambiwa kitu, mlangoni hakuna hata karatasi imebandikwa. Hilo linanikera mpaka leo.

Tulivyotoka nje watu naona midomo inatembea, sauti zao kama wanaongea wakiwa ndani ya pipa. Nikafika nyumbani, nikazima taa, ndo nikausikia: iiiiiii, mlio mwembamba, kama televisheni ya zamani imeachwa inawaka chumba cha pili. Nikajua asubuhi utakuwa umeisha. Kuziba kuliisha siku ya pili. Mlio una mwaka wa sita sasa. Mchana kukiwa na kelele nausahau, ila usiku kukitulia tu huo hapo, na mwanangu akitaka kuninong'oneza siri ameshajifunza kuzunguka aje upande wa kulia.

Na nikakosea tena, nikakaa wiki tatu ndo nikaenda kwa daktari wa masikio. Swali lake la kwanza: mbona hukuja siku ile ile? Kumbe sikio likipoteza usikivu ghafla linatakiwa kuonwa ndani ya siku chache, ukichelewa nafasi ya dawa kusaidia inapungua. Akanieleza kwamba ndani kabisa ya sikio kuna seli zenye vinywele vidogo ndizo zinazopokea sauti, na zikifa kwa binadamu hazioti tena. Kuku zake zikiharibika zinaota upya, sisi hapana. Kuku, mkuu!

Hesabu yenyewe iko hivi, desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 85 sikio linahimili kwa muda wa saa 8 hivi, halafu kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu, kwa hiyo ukifika 100 una dakika 15 tu. Na bendi laivu kwenye chumba kidogo kufika 100 ni kawaida, maana ngoma peke yake hata bila maiki inajaza chumba, fundi inabidi apandishe sauti ya mwimbaji juu ya ngoma, mpiga gitaa naye hajisikii anaongeza ya kwake. Sasa wewe utakaa hapo bendi tatu! Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 lilitoa mwongozo kwamba kumbi zisizidishe wastani wa desibeli 100 na wateja wapewe vizibo na sehemu tulivu ya kupumzikia, lakini wewe usingoje ukumbi ukufikirie.

Nunua vizibo kabla ya Jumamosi. Vya sponji vinatosha, ila uvivae sawasawa, wengi wanachomeka nje nje tu. Kizungushe kwenye vidole mpaka kiwe chembamba, mkono mwingine upitishe juu ya kichwa uvute sikio juu na nyuma, kiingize, kishikilie kama nusu dakika kivimbe. Uvae kabla bendi haijaanza, siyo ukishaumia. Ukipenda muziki usikike safi tafuta vile vya wanamuziki vyenye kichujio, vinapunguza sauti yote kwa usawa. Pamba na tishu usihangaike navyo, havizuii vya kutosha. Na atakayekuja kusema vizibo ni vya mababu, aseme tu, bora babu anayesikia kuliko kijana wa "eeh? umesemaje?"

Pa kusimama: karibu na meza ya fundi mitambo. Anapanga sauti kwa masikio yake mwenyewe, kwa hiyo pale ndo bendi inasikika vizuri kuliko kote. Kule mbele unapata ngoma na gitaa tu, mwimbaji anakupita.

Mavazi na saa wengine watakwambia. Chukua pea mbili za vizibo, moja ya huyo rafiki yako, umvalishe mwenyewe kama hataki. Jumapili uniambie ulivyozima taa ulisikia nini.