Kabla Hujaamini Grafu ya Uzito wa Molekuli, Tazama Mkia Wake

Ukitaka kuzitenganisha molekuli za polima kwa ukubwa, sharti kwanza uziyeyushe kwenye kimiminika. Polistireni haisumbui. Polithini ndiyo inayotaka triklorobenzini ya moto, nyuzijoto 140 au zaidi. Hapo riomita, kifaa cha kupima jinsi vitu vinavyotiririka, huokoa jahazi: plastiki inalainishwa kwa joto tu, inatikiswa kati ya sahani mbili, nawe unasoma inavyojibu. Kutoka hapo programu inakokotoa mtawanyo, yaani grafu ya kiasi cha molekuli za kila uzito.

Minyororo ikishakuwa mirefu kiasi cha kusokotana, mnato wa mwendo wa polepole hupanda kwa uzito wa molekuli uliopigwa kipeo cha 3.4 hivi. Ongeza uzito maradufu, mnato unaruka zaidi ya mara 10. Kwa hiyo riomita huinusa minyororo mirefu hata ikiwa michache, ila mifupi huipita bila kuiona vizuri.

Mimi, kabla ya kuiachia programu ikokotoe, huangalia kwanza masafa ya chini kabisa, yaani mtikiso wa polepole zaidi. Kwenye grafu ya logi, G′ (kipimo cha plastiki kujivuta kama mpira) inapaswa kupanda kwa mteremko wa 2 na G″ (kipimo cha kutiririka kwake kama kimiminika) kwa mteremko wa 1. Ukiona G′ ina 1.4, minyororo mirefu bado haijalegea, na mkia utakaochorewa upande wa uzito mkubwa ni wa kubuni. Pandisha joto, kisha uunganishe vipimo kwa kanuni ya joto na muda: kupima kwenye joto zaidi ni kama kupima polepole zaidi. Subira inahitajika: kwenye 0.01 rad/s, mzunguko mmoja tu unazidi dakika 10, na muda wote huo sampuli iko motoni. Pitisha naitrojeni. Ukimaliza, rudia nukta uliyoanza nayo. Ikiwa imehama, sampuli imeharibika, itupe.

Kugeuza vipimo kuwa mtawanyo, programu nyingi hutumia nadharia ya Tsenoglou na des Cloizeaux ya miaka ya 1980. Kasoro ni kwamba vipimo vilevile vinaweza kuzaa mitawanyo mingi tofauti, ndiyo maana kuna kiwango cha ulainishaji, yaani kadiri programu inavyoilainisha grafu isiwe na mabonde na vilele vya bure. Kibadilishe makusudi. Kilele kinachopotea kila ukikigusa, usikiandike kwenye ripoti.

Na haya yote ni kwa minyororo iliyonyooka. Polithini yenye matawi marefu itakudanganya waziwazi.

Kama unalinganisha tu mizigo miwili ya polima ileile, tazama mahali G′ na G″ zinapokatana. Pakisogea kushoto, uzito umepanda. Pakishuka, mtawanyo umepanuka. Mara nyingi mimi huishia hapo.