Beetle inayochemka: injini usibadilishe kwanza

Sheikh wangu, unasema Volkswagen Beetle yako ya 1972 inapata moto kila ukitoka Fuoni kwenda mjini, hapa Unguja, na fundi anataka ununue injini nyengine. Usitoe pesa yako bado.

Gari hii haina rejeta, inapozwa kwa upepo. Feni imefungwa kwenye shafti ya jenereta, mkanda ukilegea vyote viwili vinazembea. Sasa fungua boneti ya nyuma uutazame ule mpira unaozunguka injini, unaoziba upenyo baina yake na bodi. Gari nyingi za huku hazina tena. Umeoza, au fundi kautupa akaona hauna kazi. Bila ya huo, joto la ekzosi linapanda kutoka chini na feni inalivuta, kwa hivyo injini inapulizwa hewa iliyokwisha kuwa moto. Chungulia na ndani ya kava ya feni, panya hupenda kuzaa humo (sifanyi mzaha).

Upenyo wa valvu upimwe injini ikiwa baridi kabisa, uwe 0.15 mm. Oili ni lita 2.5, na filta hamna, chujio la waya tu, basi ibadilishwe mapema.

Mimi naogopa kutu zaidi, kwa chumvi hii ya bahari. Nyanyua kiti cha nyuma, toa betri, gongagonga bati la chini kwa bisibisi. Ikizama, pesa ya injini ipeleke huko. Na mipira ya petroli badilisha leo, ikivuja juu ya injini gari inaungua.