Mende wa chooni, mende wa jikoni na ndugu yao mchwa

SWALI: Asalaam aleikum, mhariri. Nyumba yetu ni ya ghorofa, ya zamani. Chooni hutoka mende wakubwa wekundu, na jikoni wapo wadogo wanaojificha nyuma ya friji. Mume wangu anashikilia kwamba wadogo ni watoto wa wale wakubwa, na kwamba tukipuliza dawa chooni wote watakwisha. Kijana wangu naye amerudi shuleni akisema mchwa pia ni mende. Nani mkweli? (Msomaji, Kibokoni, Mombasa)

JIBU: Waaleikum salaam. Kijana amepatia, baba yake, kwa heshima zote, hakupatia.

Mende akishaota mabawa hakui tena. Kwa hiyo ukimwona mdogo wa sentimita moja na nusu hivi, mwenye mabawa kamili na mistari miwili myeusi nyuma ya kichwa, huyo ni mzima wa spishi yake, Blattella germanica. Yule mkubwa wa sentimita nne ni Periplaneta americana. Linnaeus, mwanasayansi wa Uswidi aliyeasisi mfumo wa majina ya kisayansi ya viumbe, aliwapa majina ya Ujerumani na Marekani katika karne ya 18, ingawa mkubwa asili yake ni Afrika, na utafiti wa vinasaba uliotolewa mwaka 2024 umeonyesha kwamba mdogo alitokana na mende wa Asia ya Kusini takriban miaka 2,100 iliyopita.

Tofauti hiyo ina maana kwa nyumba yako. Mkubwa hupenda unyevu wa mabomba ya maji taka, na mayai yake, yapatayo 15 katika kifuko kimoja, huyaacha ufani na kwenda zake. Mdogo hukaa karibu na joto na chakula, na jike hubeba kifuko chenye mayai 30 hadi 40 mpaka yakaribie kuanguliwa, ndiyo maana huongezeka upesi mno. Dawa ya chooni haimfikii. Chambo cha jeli kikitiwa kwenye nyufa za jikoni hufaa zaidi, lakini wapo mende wadogo ambao vihisi vyao vya ladha huipokea glukosi, sukari inayotiwa kwenye chambo, kama kitu kichungu, jambo lililofafanuliwa na watafiti mwaka 2013. Basi chambo kikiachwa bila kuguswa, badilisha aina badala ya kuongeza kipimo.

Kuhusu mchwa, ulinganisho wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2007 uliwaweka ndani kabisa ya ukoo wa mende. Ndugu yao wa karibu ni Cryptocercus, mende wa misitu ya Marekani Kaskazini na Asia, ambaye hula mbao zilizooza, hulea watoto wake ndani ya gogo, na tumboni hufuga vijidudu vya kumeng'enya mbao vilivyo jamaa ya vile vya mchwa. Kumbikumbi wanaozagaa kwenye taa zenu wakati wa mvua ni wa ukoo huo huo.

SWALI: Mende wote wakifa, dunia itapungukiwa na nini? (Msomaji, Likoni)

JIBU: Pengine umeuliza hivyo kwa hasira, na nakuelewa. Hata hivyo, kati ya spishi zipatazo 4,600 za mende, bila kuhesabu mchwa, ni kama 30 tu zinazoishi na watu. Waliobaki, wengi wao wa misitu ya joto, hula majani makavu na mbao zilizooza na kurudisha rutuba ardhini, nao ni chakula cha ndege, mijusi na buibui. Tena wapo wadudu wachache ambao maisha yao huwategemea mende: nyigu wa kijani king'aacho, Ampulex compressa, anayepatikana Afrika na Asia, humchoma mende ubongoni, humkokota kwa kipapasio hadi shimoni akiwa hai, na kumtagia yai ili buu lake lipate kula.