Borrow na lend: nani anatoa, nani anapokea?

Mdogo wangu wa Kadutu, Bukavu, umeuliza kama maneno ya Kiingereza borrow na lend ni kitu kimoja, maana mgeni wa ofisini alicheka ulipomwambia "borrow me your pen", ukitaka akuazime kalamu yake. Hakupaswa kucheka, lakini kweli ulikosea. Borrow ni ya anayepokea. Lend ni ya anayetoa. Kifaransa chako cha shule kikusaidie: emprunter ndiyo borrow, prêter ndiyo lend. Kiswahili chetu ndicho kinachochambua zaidi: bidoni (dumu) ya jirani unaiazima, utairudisha ileile, dola unazikopa, utarudisha nyingine. Borrow inabeba yote mawili. Wamarekani husema pia loan wakimaanisha lend. Kesho mwambie: "Lend me your pen", ama "Can I borrow your pen?" Halafu umrudishie.