Usitupe dawa ikiwa bado inaonekana ni dawa

Mkuu, kitoe hicho kiroba ndooni kwanza, halafu uendelee kusoma. Umeandika kwamba dawa za marehemu mzee wako zimepita tarehe, umezifunga na paketi zake, gari la taka linapita kesho, na unachouliza ni kama dawa za maji zinamwagwa kwenye sinki. Mimi nilifunga kiroba kama hicho hicho.

Mama alipobadilishiwa dawa za sukari, zilibaki karatasi nne za glibenclamide. Zilipopita tarehe nikamuuliza muuzaji wa duka la dawa mtaani. Hakuinua hata macho: "Tupa tu, hizo sasa hivi ni chaki." Chaki! Na koti jeupe kavaa. Yeye mwenyewe za dukani kwake zikiisha muda haruhusiwi kuzitupa hivyo, zinateketezwa chini ya usimamizi wa TMDA, mamlaka ya dawa ya Tanzania. Mimi akaniambia nitupe tu. Ile tarehe maana yake mtengenezaji hadhamini tena ubora wa dawa. Haina maana kwamba nguvu imekwisha.

Kiroba kikalala nje ya geti, mbwa wakakichana. Asubuhi mtoto wa mpangaji mwenzangu, hajafika hata miaka mitatu, akakutwa barazani na karatasi ya vidonge mkononi. Matundu mawili yametobolewa, unga mweupe uko mdomoni. Hatukujua kameza kimoja au viwili. Haikuchukua muda akaanza kutoka jasho, shingo ikalegea, ukimwita hageuki. Hospitali wakakuta sukari imeshuka vibaya. Wakamtundikia dripu ya glukosi na kumlaza mpaka kesho yake, maana dawa ile inaweza kuishusha tena sukari hata baada ya mtoto kuzinduka. Daktari alituambia kidonge kimoja tu kinaweza kumuua mtoto wa umri ule. Alipona, sasa yuko darasa la pili. Mama yake hajawahi kunitolea neno, na kila tukisalimiana asubuhi naikumbuka ile shingo.

Kwa hiyo dawa isivuke mlango wako ikiwa bado inaonekana ni dawa. Kaulize kwanza famasi ya hospitali kama wanapokea za kuteketeza. Wakikataa, toa vidonge vyote kwenye karatasi zake, tia kwenye kopo lenye mfuniko, changanya na mchanga au machicha ya chai na maji kidogo mpaka liwe tope ambalo hakuna mtoto wala muokota chupa atalitamani. Za maji mimina humo humo, sinki liache. Usichome moto uani. Funga kopo kwa selotepu, likae juu ya kabati, na gari likifika mpe kijana wa taka mkononi mwake. Usiliache getini.

Ukishakitoa kiroba ndooni, rudi hapa uniambie.